Wasomaji wa Kwanza wa "Kichomi": Mtazamo wa Dongobesh

Mwaka 1974 kampuni ya Heinemann ya Nairobi ilitoa diwani ndogo iliyoitwa Kichomi. Mtungaji wake, Euphrase Kezilahabi, alikuwa na umri wa miaka 30. Alizaliwa Namagondo, katika kisiwa cha Ukerewe, akasoma seminari, kisha akasoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Watu walikwisha kumjua kwa riwaya yake ya Rosa Mistika ya mwaka 1971, iliyowaudhi wengi hata ikazuiwa mashuleni kwa muda. Jina la diwani ni jina la maumivu: kichomi ni ule mchomo wa mbavuni umkatazao mtu kuvuta pumzi. Wengi walioifungua mara ya kwanza walichomwa kweli, lakini si mahali alipokusudia mtungaji. Walichomwa na kukosekana kwa vina na mizani.

Habari za mgogoro uliofuata zimekwisha kusimuliwa mara nyingi, wala makala haya hayakusudii kuamua nani alishinda. Yakusudia kuuliza swali jingine: wasomaji wale wa kwanza walisikia nini katika diwani ile, nao walikosa kusikia nini? Swali hili nalitazama kutoka Dongobesh, wilaya ya Mbulu, katika nyanda za juu ambako kwa wengi Kiswahili ni lugha ya pili, na ambako ushairi ulikuwapo kabla Kiswahili hakijafika. Naamini ya kwamba mtu akitazama kutoka huku, moja ya lawama alizotwishwa Kezilahabi yaanguka yenyewe, na nyingine yazidi kupata nguvu. Hiyo ya pili ndiyo inayostahili kujibiwa.

Tuanze kwa kuwatendea haki walaumu. Msomaji wa mashairi wa mwaka 1974 hakuwa mtu mjinga wala mvivu wa kufikiri. Alikuwa amelelewa na gazeti la Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, na magazeti yaliyolifuata, ambayo kila moja lilikuwa na uwanja wa mashairi. Alimsoma Shaaban Robert. Kama alitaka kujifunza kanuni, alikuwa na kitabu cha Sheikh Kaluta Amri Abedi, Sheria za Kutunga Mashairi, kilichotoka mwaka 1954, ambacho kilimweleza kwa utulivu na kwa mifano jinsi ubeti unavyojengwa. Alijua ya kuwa shairi la kawaida lina mishororo minne, kila mshororo mizani 16, nane upande huu na nane upande huu, na kina cha kati na kina cha mwisho. Alijua ya kuwa utenzi una mizani nane. Mambo haya hakuyajua kwa macho tu. Aliyajua kwa sikio, kwa sababu shairi lilikuwa kitu cha kughaniwa au kuimbwa. Vina vilimsaidia asiye na kitabu kulishika shairi moyoni na kulipeleka kijiji cha pili.

Zaidi ya hayo, alijua ya kuwa shairi hujibiwa. Hili ni jambo ambalo wasimulizi wa mgogoro hawalitilii mkazo wa kutosha. Katika magazeti mtu alitoa swali kwa shairi, na mwenzake wa mji mwingine akamjibu kwa bahari ileile na mara nyingi kwa vina vilevile. Wa tatu akaingia kuwasuluhisha, na wa nne akaja kuwacheka wote. Malumbano ya namna hii yana asili ya kale. Muyaka wa Mombasa aliyatumia katika karne ya 19 kuwajibu maadui wa mji wake. Kanuni za utunzi ndizo zilizomruhusu mtu yeyote kuingia barazani. Aliyezijua alikuwa na haki ya kujibu. Basi msomaji huyu alipokutana na shairi la Kichomi, lenye mishororo mirefu na mifupi isiyolingana, hakukuta tu sura mpya. Alikuta shairi asiloweza kulijibu kwa njia aliyoizoea. Alijiona kama mtu aliyefika barazani akakuta viti vimeondolewa.

Huko nyuma imekuwa desturi kusema ya kwamba ugomvi huu ulikuwa baina ya pwani na bara: watu wa pwani wakilinda urithi wao, na watu wa bara wakitaka nafasi. Diwani ya M. M. Mulokozi na K. K. Kahigi ya mwaka 1976 ilijiita Malenga wa Bara, na jina hilo lilikuwa kama bendera. Lakini maelezo hayo hayatoshi. Kaluta Amri Abedi aliyeandika sheria alikuwa mtu wa Kigoma. Saadani Kandoro, mmoja wa malenga hodari wa mapokeo, alitoka Ujiji. Mathias Mnyampala, aliyekuwa kiongozi katika chama cha Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania, alikuwa Mgogo wa Dodoma. Watu hawa watatu walikuwa wa bara kama alivyokuwa Kezilahabi. Kwa upande wa pili, Ebrahim Hussein, mzaliwa wa Kilwa katika pwani ya kusini, alitunga mashairi yasiyofuata vina wala mizani, wala hakuna aliyeweza kumwambia ya kwamba hakujua mila za pwani.

Naona ya kuwa ukweli uko karibu na hivi: kwa mtu wa bara wa kizazi cha Mnyampala, kushika vina na mizani kulikuwa ni kuingia katika nyumba ya Kiswahili kwa mlango wa heshima. Alijifunza kwa taabu, akafuzu, akakubaliwa. Ni jambo la kueleweka akiwa mkali kwa kijana anayetaka kuingia bila kubisha hodi. Kifupi cha jina la chama chao kilikuwa UKUTA, nao walilipenda jina hilo kwa sababu ukuta huhifadhi. Na katika Kichomi limo shairi liitwalo "Fungueni Mlango". Sisemi ya kwamba mtungaji alikusudia kuwajibu kwa jina hilo; nasema tu ya kwamba majina hayo mawili, yakiwekwa pamoja, yaeleza hali ya miaka ile vizuri kuliko ramani ya pwani na bara.

Sasa tutazame jinsi lawama ilivyotolewa. Kezilahabi aliitanguliza diwani yake kwa maelezo mafupi, akasema ya kwamba anajaribu kuleta katika ushairi wa Kiswahili lugha ya kawaida, ile ambayo watu huzungumza kila siku. Farouk Topan naye aliiandikia dibaji. Maelezo hayo yalikuwa ya haki, lakini yalimponza. Wasomaji wengi waliupokea utangulizi kana kwamba ndio diwani, wakaujadili, wakauthibitisha au wakaukanusha, na mashairi yenyewe wakayapita. Mtu aweza kusoma kurasa nyingi za mabishano ya miaka ile asikute ubeti mmoja uliofafanuliwa kwa subira.

Jambo hili halikuanza kwetu. Katika Uingereza ya mwaka 1818 kijana mmoja, John Keats, mwenye umri wa miaka 22, alitoa utenzi mrefu uitwao Endymion. Alikuwa mmoja wa washairi wa ulimbwende, yaani wale walioutukuza moyo wa mtu mmoja, hisia zake, upweke wake na mapenzi yake kwa maumbile, kuliko kanuni zilizopokewa. Katika utangulizi wake aliungama ya kwamba kazi yake ilikuwa bado changa. Wahakiki waliushika utangulizi huo na kumpiga nao. Gazeti la Blackwood's lilimtaja kuwa mmoja wa kundi la washairi wasio na elimu ya London, likamshauri arudi kwenye kazi ya kuuza dawa aliyojifunza ujanani. John Wilson Croker, katika Quarterly Review, alilalamika ya kwamba vina vya Keats ndivyo vilivyoongoza maana. Naye akakiri bila haya ya kwamba katika vitabu vinne vya utenzi ule alisoma kimoja tu. Keats alikufa Roma mwaka 1821 kwa kifua kikuu, akiwa na miaka 25, na kwa muda mrefu watu walisimulia ya kwamba wahakiki ndio waliomwua. Hawakumwua, ugonjwa ndio uliomwua. Lakini walifanya kosa jingine kubwa la kutosha: walimhukumu mtungaji kwa shule aliyotoka na kwa namna alivyogawa mishororo, kabla ya kumsikia.

Tofauti moja yafaa kukumbukwa. Keats alilaumiwa kwa kuvilegeza vina, Kezilahabi kwa kuviacha. Keats alilaumiwa na watu waliomdharau kwa ajili ya asili yake. Kezilahabi alilaumiwa na watu walioona ya kwamba yeye ndiye anayewadharau, maana alikuwa msomi wa Chuo Kikuu nao wengi wao hawakuwa na shahada. Uchungu wa watu hao hauwezi kufutwa kwa kuwaita wahafidhina. Jumanne Mayoka alipoandika kitabu chake juu ya mgogoro wa ushairi mwaka 1984, miaka 10 ilikuwa imekwisha kupita, na bado jeraha lilikuwa bichi.

Lawama ya pili ilitoka upande mwingine kabisa. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 washairi walitakiwa kulieneza. Mnyampala alianzisha ngonjera, mashairi ya kujibizana yaliyosemwa na watoto wa shule mbele ya wananchi, ambamo asiyejua huelimishwa na ajuaye. Na chuoni Dar es Salaam wahakiki vijana wenye fikira za kisoshalisti waliuliza kila kazi swali moja: yamsaidia nani? Wengi wa hawa hawakuwa na ugomvi na mashairi yasiyo na vina. Mulokozi na Kahigi waliyatetea kwa hoja nzito katika Kunga za Ushairi. Lakini mtungaji wa Kichomi aliwatia mashaka kwa sababu ya huzuni yake. Katika "Kisu Mkononi" msemaji amesimama peke yake, akipima miaka inavyompita, na kisu ki mkononi. Katika "Upepo wa Wakati" anatazama mawimbi, akaona kwayo jinsi wakati unavyowasukuma wanadamu. Taifa lilikuwa likijengwa, na mshairi alikuwa akizungumza na nafsi yake. Wakamwita mkata tamaa.

Basi Kezilahabi alipigwa pande mbili. Wa kwanza walisema hana vina. Wa pili walisema hana tumaini. Kwa kawaida lawama hizi mbili huwekwa katika sura tofauti za vitabu. Kwa maoni yangu zina shina moja, na shina hilo laonekana vizuri zaidi mtu akiwa Dongobesh.

Wairaqw, ambao ndio wenyeji wengi wa sehemu hizi, na ambao vitabu vingi viliwaita Wambulu, wana utungo wao mkuu uitwao slufay. Ni sala na baraka pamoja. Mzee mwenye kipawa cha kusema huutoa mbele ya wenziwe, kifungu baada ya kifungu, akiomba mvua, uzazi, afya ya watu na mifugo, na amani ya nchi. Nao waliokaa naye humwitikia kwa pamoja. Slufay haihesabiwi mizani kama shairi la Mambo Leo, wala haifungwi kwa vina vya kati na vya mwisho. Hata hivyo hakuna Mwiraqw atakayekuambia ya kwamba ni maneno ya kawaida. Ina mwendo wake, ina marudio yake, ina lugha yake iliyonyanyuliwa juu ya lugha ya sokoni. Kwa mtu aliyelelewa na utungo huu, hoja ya kwamba pasipo vina hapana ushairi haina mizizi. Ni kanuni nzuri ya nyumba moja, si kanuni ya nyumba zote. Hata katika nyumba ya Waswahili wenyewe haikuwa ya vyumba vyote: Ibrahim Noor Shariff, katika Tungo Zetu ya mwaka 1988, alionyesha ya kwamba tungo zisizo na vina zilijulikana zamani, ingawa yeye mwenyewe hakuwa rafiki wa wanamapinduzi wa ushairi.

Hivyo lawama ya kwanza imeanguka. Lakini mtu wa Dongobesh hawezi kuishia hapo na kushangilia, maana slufay yamfundisha jambo la pili. Utungo huo hauwezi kusemwa na mtu peke yake. Mzee bila waitikiaji ni mzee anayejisemea. Wakinyamaza, baraka imekatika njiani. Uzuri wa utungo wamo nusu kinywani mwa mzee na nusu vinywani mwa waliomzunguka. Basi msikilizaji wa slufay akikipokea Kichomi hatauliza, "Viko wapi vina?" Atauliza, "Wako wapi waitikiaji?" Na hili ndilo swali ambalo, bila kulijua, walikuwa wakiliuliza walaumu wote wawili. Mshairi wa gazeti aliona ameondolewa haki ya kujibu kwa shairi. Msoshalisti aliona umma umeondolewa jukwaani. Wote wawili walisikia sauti moja inayosema peke yake, nao wakaogopa. Walisikia vizuri. Walichokosea ni jina walilolipa jambo hilo; mmoja aliliita ukosefu wa kanuni, mwingine akaliita ukosefu wa imani.

Je, swali hilo lina jibu? Naona linalo, na jibu limo katika mashairi wala halimo katika utangulizi. Turudi kwenye jina "Fungueni Mlango". Kitenzi hiki ni amri ya wingi. Mtu anayejisemea hasemi "fungueni". Asema "fungua", au asema "nitafungua". Kiambishi hicho kidogo cha mwisho chaonyesha ya kwamba upande wa pili wa mlango wako watu, na msemaji anajua wako, naye anangoja mkono wao. Upweke wa Kichomi si upweke wa mtu asiyetaka watu. Ni upweke wa mtu aliyenyamaziwa. Hali kadhalika "Namagondo", shairi la kijiji alikozaliwa: mtu asiyejali wenzake hakitaji kijiji kwa jina lake. Na "Mgomba", ambao ni shairi la mgomba uliokatwa ukalala chini, hauwezi kusomwa kama habari ya mmea tu na mtu yeyote aliyewahi kulima. Anayejua migomba anajua inavyotumiwa ikishazaa, anajua nani hula na nani hukata, naye hukamilisha kwa akili yake mambo ambayo shairi limeyaacha wazi. Huko kukamilisha ndiko kuitikia. Mtungaji aliondoa kiitikio kilichoandikwa, akaacha nafasi ya kiitikio cha msomaji.

Tofauti ni kwamba kiitikio cha namna hii ni kigumu. Katika slufay mwitikiaji anajua la kusema. Katika malumbano ya gazeti mjibuji anajua bahari ya kufuata. Mbele ya Kichomi msomaji hakupewa neno wala mwendo, alitakiwa avitafute. Kudai hivyo kwa wasomaji waliozoea baraza kulikuwa kudai kwingi, na mtungaji hakuwatayarisha vya kutosha. Utangulizi wake ulizungumza juu ya lugha, ambapo jambo lililokuwa limebadilika zaidi lilikuwa ni kazi ya msomaji. Kama kuna kosa upande wake, ndilo hilo. Wao walikosa subira. Yeye alikosa kuwaambia nafasi yao iko wapi.

Miaka 14 baadaye, mwaka 1988, Kezilahabi alitoa diwani yake ya pili, akaiita Karibu Ndani. Aliyekuwa akiomba mlango ufunguliwe sasa ni mwenyeji anayekaribisha. Mwaka huohuo F. E. M. K. Senkoro alitoa kitabu chake cha nadharia na tahakiki ya ushairi, na wahakiki wa Chuo Kikuu walikuwa wamezoea kuyatazama mashairi huru kama ushairi kamili. Diwani ya tatu, Dhifa, ilitoka mwaka 2008. Na dhifa ni karamu, shughuli isiyofanywa na mtu mmoja. Mtungaji alifariki mwezi Januari mwaka 2020. Majina matatu ya diwani zake, yakipangwa kwa miaka yake, ni maumivu, makaribisho na karamu. Anayesema ya kwamba mtu huyu hakutaka waitikiaji hakusoma hata majalada.

Ugomvi, basi, umepoa. Lakini yatupasa kuogopa namna ulivyopoa. Siku hizi mwanafunzi wa sekondari, Dongobesh kama kwingineko, hufundishwa ya kwamba mashairi ni ya aina mbili, ya kimapokeo na ya kisasa. Ya kwanza yana vina na mizani, ya pili hayana. Huchora mstari katikati ya ukurasa, akaandika tofauti upande huu na upande huu, akapata maksi zake. Jambo lililowatoa watu machozi na matusi limekuwa jedwali. Katika jedwali hilo Kezilahabi ameshinda, maana amepewa safu yake. Na katika jedwali hilohilo ameshindwa, maana bado anajulikana kwa kitu asichokuwa nacho. Wasomaji wa kwanza walimkasirikia bila kumsoma. Sisi twamkubali bila kumsoma. Sijui kama sisi ndio bora. Aliyekasirika walau alikuwa amesikia sauti.

Na hasara haimpati yeye tu. Mwanafunzi wa Kiiraqw anayefundishwa jedwali hilo hujifunza pia, kimyakimya, ya kwamba slufay ya babu yake haina safu. Si ya kimapokeo, kwa kuwa mapokeo yanayotajwa ni ya watu wengine. Si ya kisasa, kwa kuwa ni ya kale kuliko shule yenyewe. Hivyo mgogoro ulioanzishwa na watu waliotaka kuupanua ushairi wa Kiswahili waweza kuishia kwa kuufanya uwe mwembamba mara mbili badala ya mara moja.

Dawa yake si kuongeza safu ya tatu. Mwalimu na achukue shairi moja la Kichomi, alisome kwa sauti mara mbili au tatu, kisha awaulize wanafunzi wake swali ambalo mzee wa slufay hahitaji kuliuliza: hapa mngeitikia nini, na kwa nini hapa, si pale? Wengine wataitikia kwa hasira, wengine kwa huzuni, wengine watakataa kuitikia wakasema sababu zao. Anayetaka kumjibu kwa shairi la mizani 16, na amjibu. Mnyampala na Kandoro wangelifurahi, na wala shairi huru halitapungukiwa kitu. Huo utakuwa uhakiki, tena uhakiki wa kwanza ambao diwani hii ilikuwa ikiungojea tangu mwaka 1974.